Kihisi cha kitanda kwa silikoni na kaboni ya betri: kukitengeneza, na kuishi na ukaidi wake

Bibi alianguka mara mbili ndani ya miezi minne, mara zote usiku wa manane, mara zote akienda msalani bila kumwamsha mtu. Mama mdogo, anayelala chumba cha pili, aliniuliza kama fundi redio anaweza kutengeneza kitu cha kumwamsha yeye pindi Bibi anaponyanyuka kitandani. Mikeka ya hospitali ya kazi hiyo ipo, ila ya kuagiza ng'ambo, na bei niliyotajiwa ingetosha kitanda kipya na godoro lake. Nikatengeneza mwenyewe hapa Tanga. Nitakueleza nilivyofanya, pamoja na kosa lililoniharibia usiku mmoja, maana kosa hilo litakukuta na wewe usipoambiwa mapema.

Kitu chenyewe ni utepe mweusi wa mpira, upana wa vidole vitatu, unaolazwa kati ya chaga na godoro. Ukibanwa, umeme unapita kwa urahisi zaidi. Ukiachiwa, umeme unapata shida. Mafundi tunaita sensa, vitabuni ni kihisi. Nitasema kihisi, kwa kuwa sensa kwa watu wengi ni ile ya kuhesabiwa.

Ujue kwanza unachokoroga

Polima ni molekuli ndefu sana, vipande vidogo vilivyoungana kimoja baada ya kingine kama shanga kwenye uzi. Plastiki ya ndoo ni polima, nailoni ni polima, mpira wa tairi vilevile, na silikoni ya fundi wa madirisha ya aluminiamu pia. Kwa miaka mingi kazi ya polima kwenye umeme ilikuwa moja tu, kuuzuia. Ndiyo maana waya wa nyumbani umevikwa plastiki.

Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba polima iitwayo poliasetilini, ikitiwa iodini, inapitisha umeme karibu kama chuma. Mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Nakipenda kisa chao kwa sababu chanzo chake ni cha karakana kabisa: katika maabara ya Shirakawa kule Tokyo mtu alikosea kipimo akatia kichocheo mara elfu ya kilichotakiwa, ukatokea utando unaong'aa kama fedha. Badala ya kuutupa, wakauchunguza. Huko ndiko zilikotoka polima zinazopitisha umeme zenyewe, kama PEDOT:PSS, kimiminika cha buluu iliyokolea kinachopakwa juu ya plastiki na kukauka kuwa utando mwembamba unaopitisha umeme.

Sisi hatuendi njia hiyo. Yetu ni ya pili, na ni rahisi: unachukua polima isiyopitisha umeme kabisa, unaijaza chembe za kaboni zinazopitisha. Fikiria mto na mawe ya kuvukia. Mawe matano huvuki. Kumi, bado. Unaongeza hadi inafika siku jiwe moja tu linakamilisha njia, na ghafla mtu anavuka mkavu. Kwenye mchanganyiko wetu ni vivyo hivyo: unaongeza kaboni na mita ya kupimia umeme haisomi kitu, unaongeza tena haisomi, halafu kijiko kimoja zaidi ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaporomoka. Kihisi kizuri ni kile kilichosimama karibu na mpaka huo, upande wa kuvuka. Pale mawe ni machache na yako mbalimbali, kwa hiyo ukiubana mpira kidogo tu yanasogeleana na njia mpya zinafunguka. Ukijaza kaboni nyingi mno, njia ziko tele tayari, na kubana hakubadilishi lolote.

Usidhani ni mchezo wa kijiweni. Mwaka 2016 timu ya Jonathan Coleman, Trinity College ya Dublin, ilichanganya grafini, ambayo nayo ni kaboni, na ule udongo wa silikoni wanaochezea watoto. Walichokipata kilihisi mapigo ya mshipa wa shingo, na hata hatua za buibui mdogo. Kanuni ni hii hii ya mawe na mto.

Hatua ya 1: pata kaboni iliyo kaboni kweli

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkaa wa jikoni haufai. Ni kaboni, sawa, lakini umechomwa kwenye tanuri la udongo kwa joto lisilotosha kuufanya upitishe umeme vizuri. Chukua kipande, weka ncha za mita, utaona mwenyewe. Masizi ya kibatari ni laini na yanavutia, lakini yana mafuta mafuta na kukusanya gramu kumi ni kazi ya wiki. Risasi ya penseli imechanganywa na udongo.

Kinachofaa, na kinachopatikana bure, ni kijiti cheusi kilicho katikati ya betri kubwa za redio, zile ambazo wengine wanaziita mawe. Tafuta zilizokwisha, za aina ya bei nafuu. Betri za alkali hazina kijiti hicho, ndani zina msumari mwembamba wa shaba nyeupe au njano. Betri ya simu usiiguse kabisa, hiyo ikitobolewa inawaka moto.

Vaa glovu. Chana ganda kwa koleo, vuta kijiti taratibu. Ule unga mweusi uliokizunguka siyo unaoutaka: ni manganizi na chumvi zinazokula shaba. Usiuchanganye hata kidogo, wala usiumwage bustanini. Funga kwenye mfuko. Osha kijiti, kisugue kwa brashi, kikauke.

Sasa jambo ambalo mimi sikulijua mara ya kwanza. Vijiti vingi vimelowekwa nta kiwandani ili betri isivuje. Ukikisaga hivyo hivyo, nta inavika chembe na silikoni inagoma kushikana nazo. Kiweke juu ya mkaa unaowaka, nje ya nyumba, upepo ukupige mgongoni. Kitatoa moshi mweupe, kisha moshi utakwisha. Kiache kipoe.

Kisage. Funga kijiti ndani ya kitambaa kizito, ponda kwa nyundo, halafu malizia kwa kinu cha chuma. Kisiwe kinu cha pilipili, kama unataka kuendelea kupewa chakula nyumbani. Chekecha kwanza kwa chujio la chai, kisha kwa soksi ndefu ya nailoni. Unachotaka ni unga unaoteleza vidoleni kama poda. Barakoa ni lazima: vumbi la kaboni likiingia kifuani halina haraka ya kutoka. Betri nne zilinipa unga wa kutosha utepe mmoja na majaribio yake.

Hatua ya 2: silikoni, kwa pua

Duka la vifaa vya ujenzi lina aina mbili. Moja, ukikata mdomo wa kopo, inanuka siki. Ile harufu ni asidi ya siki inayotoka wakati silikoni inaganda, na asidi hiyo inakula shaba. Nyingine hainuki siki. Nunua hiyo ya pili, hasa kama utatumia bati la shaba kwenye hatua ya 5. Ukiikosa, chukua ya siki, lakini iache ikauke siku nne au tano na harufu iishe kabisa kabla hujagusanisha na chuma.

Silikoni hii haikauki kama rangi. Inaganda kwa kunywa unyevu wa hewa, kuanzia juu kwenda ndani, milimita mbili hivi kwa siku. Kwetu pwani unyevu si tatizo. Aliye Dodoma mwezi wa kumi aweke beseni la maji karibu na awe mvumilivu.

Hatua ya 3: vipande vitano kabla ya utepe

Usiruke hatua hii. Hakuna mtu anayeweza kukupa kipimo kamili cha kaboni, kwa kuwa unga wako si unga wangu. Ukubwa wa chembe ndio unaoamua mpaka uko wapi.

Tumia mzani mdogo wa kidijitali, ule wa kupimia viungo. Andaa mchanganyiko mdogo wa gramu 5 kila mmoja: kaboni sehemu 1 kwa silikoni 9, kisha 2 kwa 8, 3 kwa 7, 4 kwa 6, 5 kwa 5. Kuanzia ule wa 3 kwa 7 mchanganyiko unakuwa mzito kama ugali uliokosa maji, kwa hiyo ongeza matone ya tapentaini ya wachoraji mabango ili ulainike. Tapentaini itatoweka yenyewe hewani. Inashika moto haraka, hivyo jiko na sigara vikae mbali. Koroga kwa dakika tano kamili, ukibandika na kukunja, siyo kuzungusha tu. Rangi ikiwa na michirizi ya kijivu bado hujakoroga.

Tandaza kila kimoja kwenye mfuniko wa plastiki, unene wa milimita mbili, andika namba, subiri siku mbili. Kisha weka sarafu mbili, moja juu na moja chini, na ncha za mita juu ya sarafu. Soma bila kubana, halafu bana kwa kidole gumba.

Kwangu ilikuwa hivi. Cha 1 na cha 2, mita kimya. Cha 3 kilisoma mamilioni ya omu, ambayo ni kipimo cha ukinzani, na tarakimu zikirukaruka kama kumbikumbi. Cha 4 kilitulia kwenye makumi ya maelfu, na nilipobana kikashuka hadi maelfu mawili matatu. Cha 5 kilipitisha umeme vizuri mno, kubana hakukuleta tofauti ya maana, na nilipokikunja kikakatika kama biskuti. Nikachagua cha 4. Wako unaweza kuwa cha 3, au katikati ya viwili. Tafuta kile ambacho kidole gumba kinashusha ukinzani angalau mara kumi.

Hatua ya 4: kumimina juu ya kiroba

Mwaka 2010 timu ya Zhenan Bao, Chuo Kikuu cha Stanford, ilitengeneza kihisi cha mpira ambacho uso wake ulikuwa na piramidi ndogo zisizoonekana kwa macho. Mpira wa namna ile ile ukiwa laini bapa ulikuwa mzito wa kuhisi, ila wenye piramidi ulimhisi nzi alipowekwa juu yake. Sababu yake inaeleweka hata bila maabara. Uso bapa ukigusa uso bapa, unagusa wote kwa pamoja na hakuna pa kubonyea. Uso wenye vilele unagusa kwa ncha kwanza, ncha zinabonyea, eneo la kugusana linakua kadiri unavyobana.

Piramidi za Stanford hatuna. Tuna kiroba, mfuko uliofumwa wa unga au mchele. Ule ufumaji wake ni mabonde na vilima vidogo vilivyopangwa sawasawa, na plastiki yake, polipropilini, haishikani na silikoni. Ikikauka inabanduka bila kupaka mafuta wala sabuni. Nilijaribu kwanza juu ya msasa namba 80, silikoni ikang'ang'ania mchanga na nusu ya utepe ikabaki kwenye karatasi.

Kata kiroba kipande cha sentimita 40 kwa 15, kioshe, kikauke, kivute na kukigongomea kwenye ubao ili kisikunjane. Weka vijiti viwili vya unene wa milimita mbili pembeni, umbali wa sentimita 5. Mimina mchanganyiko katikati, kandamiza kwa kisu kipana ili uingie kwenye mabonde, kisha pitisha rula juu ya vijiti. Mapovu ya hewa yatoboe kwa sindano. Acha siku mbili, bandua kuanzia kona moja. Upande wa chini unatakiwa utoke na alama za ufumaji, ukipitisha ukucha unalia *krrr*. Hapo umepata. Ukitoka laini mahali, kihisi chako kitakuwa kiziwi mahali hapo.

Kata utepe wa sentimita 30. Kipande kinachobaki kitunze, kina kazi yake baadaye.

Hatua ya 5: vyuma viwili na waya

Unahitaji chuma chembamba juu na chini ya mpira. Utepe wa shaba wenye gundi ni bora kwa sababu unalehemika. Ukikosa, foili ya jikoni inafanya kazi, lakini aluminiamu haishiki risasi ya kulehemu ya kawaida, kwa hiyo chuna waya sentimita 3, tandaza nyuzi zake, kunja foili juu yake mara tatu na ubane kwa pini za stepla. Makopo ya soda usisumbuke nayo: nje yana rangi, ndani yana varnishi.

Chuma kiwe chembamba kuliko mpira kwa nusu sentimita kila upande. Vikigusana pembeni, umetengeneza swichi iliyowashwa milele. Upande wenye vilima uelekee chuma bila gundi yoyote kati yao, kwa sababu pale ndipo kazi inapofanyika. Upande wa pili unaweza kubandikwa.

Vika kila kitu plastiki ya laminesheni au selotepu pana, lakini acha tundu dogo mwisho mmoja. Ukiziba kabisa, hewa iliyonaswa inageuka mto ndani ya kihisi, na mkojo wa usiku mmoja ukiingia hautoki tena. Tundu liwe upande wa waya, ulio mbali na kitanda.

Hatua ya 6: rezista ya kugawana volti

Laza utepe juu ya chaga, usawa wa nyonga, upite kwenye chaga tatu au nne. Rudisha godoro. Pima ukinzani kitanda kikiwa kitupu, kisha mtu akilala. Wangu ulitoa omu 40,000 kitupu na 2,500 Bibi akiwa amelala.

Arduino, kibao kidogo chenye chip unayoiandikia programu, haisomi ukinzani, inasoma volti. Kwa hiyo unaunga kihisi na rezista moja, kipande chenye ukinzani maalumu, mfululizo: volti 5 inaingia kwenye kihisi, inatoka kwenda pini ya A0, ule mguu wa kusomea volti, na kutoka pini hiyo rezista inakwenda ardhi, yaani upande hasi wa betri. Rezista ipi? Zidisha namba zako mbili, tafuta kipeuo cha pili. 40,000 mara 2,500 ni milioni 100, kipeuo chake 10,000. Rezista ya kilo-omu 10, iko kila duka. Kitanda kitupu pini itasoma volti 1, mtu akilala volti 4. Nafasi nzuri kabisa ya kufanyia kazi.

Mkondo unaopita kwenye kihisi haufiki hata nusu ya miliampia, hauwezi kumdhuru mtu. Cha kuogopa ni chaja ya bei chee iliyochomekwa ukutani na waya wake ukaenda kitandani. Tumia betri nne za kuchajika, za volti 1.2 kila moja. Pawabenki nyingi zinajizima zikiona mzigo ni mdogo, nami nilipoteza jioni nzima nikitafuta hitilafu isiyokuwepo.

Hatua ya 7: usiku wa kosa

Nilifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Volti 1 ni kitupu, 4 ni mtu, basi nikaandika programu: volti ikishuka chini ya 1.5, piga kengele chumbani kwa mama mdogo. Nikajaribu mwenyewe mara kumi, nalala, naamka, kengele inalia. Bibi akanitazama nikirukaruka kitandani kwake.

"Mjukuu wangu, umenitegea mtego kama panya?"

"Mtego wa mama mdogo, Bibi. Ndiye atakayenaswa usingizini."

"Haya. Lakini nikigeuka ubavu usiniitie watu."

Usiku ule Bibi alilala saa tatu, akaamka saa kumi kasoro. Kengele haikulia. Mama mdogo alimkuta uani akitawadha, salama, anashangaa mbona kuna wasiwasi. Nilikuwa nimeunganisha simu kurekodi volti, nikaangalia. Bibi alipolala ilisoma 4.0 kama ilivyotakiwa. Kadiri saa zilivyokwenda ikapanda yenyewe, 4.1, 4.2, ingawa hakuongezeka uzito. Na aliponyanyuka haikurudi 1.0. Iliporomoka hadi 1.8 ikaganda hapo, kisha ikaanza kujikokota, na ilichukua zaidi ya dakika ishirini kuvuka 1.5. Kengele ililia Bibi ameshatawadha, sote tuko macho.

Huo ndio ukaidi wa polima. Chuma ukikibana kwa kiasi kisichozidi, ukikiachia kinarudi pale pale, papo hapo. Mpira una minyororo mirefu iliyosokotana, ukiubana kwa saa saba minyororo inateleza taratibu kutafuta mkao mpya, na ukiuachia inarudi kwa mwendo wake yenyewe. Dakika kumi za majaribio yangu hazikuupa nafasi ya kuonyesha tabia hiyo. Ndiyo maana nasema usikijaribu kihisi cha mpira kwa kurukaruka. Weka ndoo ya maji ya lita 20 usiku kucha, iondoe asubuhi, tazama namba.

Kuna wanaojibu tatizo hili kwa kutafuta mpira bora. Upo, lakini hakuna mpira usiolegea kabisa. Jibu langu ni kuacha kumuuliza mpira swali asiloweza kulijibu. Hajui Bibi ana kilo ngapi, na baada ya saa saba hajui hata kama yuko kitandani. Anachokijua vizuri ni kwamba kuna kitu kimebadilika *sasa hivi*. Kutoka 4.2 hadi 1.8 ndani ya sekunde moja ni kelele kubwa, ni mimi niliyekuwa nikisikiliza mahali pengine.

Kwa hiyo programu inaweka wastani mbili. Soma pini mara 10 kwa sekunde, kila usomaji ufanye hivi:

haraka = haraka + (soma − haraka) / 8
polepole = polepole + (soma − polepole) / 1024

Wa haraka unafuata mabadiliko ndani ya sekunde moja hivi. Wa polepole unahitaji karibu dakika mbili, kwa hiyo unameza ule ulegevu wa saa saba bila kushtuka. Mtu akinyanyuka, wa haraka unaanguka na wa polepole unabaki juu ukimshangaa. Tofauti yao ikizidi 100 kwenye kipimo cha Arduino cha 0 hadi 1023, ambayo ni kama nusu volti, na ikadumu sekunde 4, piga kengele. Zile sekunde 4 ni ahadi yangu kwa Bibi: akigeuka ubavu, kihisi kinapoteza mzigo kwa muda mfupi tu kisha kinaupata tena. Kengele ikishalia, programu ikumbuke kwamba kitanda ni kitupu na isilie tena hadi wa haraka uruke juu ya wa polepole kwa 100, yaani amerudi kulala.

Angalizo moja kwa wanaoandika programu: tumia namba za desimali kwenye wastani hizo. Ukitumia namba kamili, tofauti yoyote iliyo chini ya 1024 ukiigawa kwa 1024 inatoa sifuri, na kwa kuwa pini haipiti 1023, wa polepole hautasogea hata hatua moja maisha yake yote.

Baadaye nilikuja kuona kwamba nilichokifanya kwa programu, kuna polima inayokifanya kwa maumbile. Mwaka 1969 Heiji Kawai wa Japani aligundua kwamba plastiki iitwayo PVDF, ikivutwa na kupitishwa kwenye umeme mkali, inatoa chaji kila inapobanwa au kuachiwa, kisha chaji inavuja. Haisemi kamwe kuna mzigo kiasi gani, inasema tu umebadilika. Inawekwa chini ya godoro kuhesabu pumzi na mapigo ya moyo. Ukiipata kwa bei ya kueleweka, nunua. Mimi sijaipata.

Unyevu, joto na uzee

Silikoni hainywi maji mengi, kwa hiyo kaskazi na masika havijanisumbua. Ile sponji nyeusi wanayochomekea chip dukani inapitisha umeme na wengine wanaitumia kama kihisi cha mgandamizo, lakini hapa kwetu inakunywa hewa ya bahari na namba zinahama kila siku. Tabia hiyo ya kunywa unyevu, ambayo kwetu ni kero, kwingine ndiyo bidhaa: kile kihisi cheupe cha unyevunyevu, DHT22, kina kapasita ya polima, yaani kipande cha kuhifadhi chaji. Mvuke ukiingia kwenye polima, uwezo wake wa kushika chaji unaongezeka, kwa sababu maji yanashika umeme tuli mara nyingi zaidi ya plastiki.

Joto lina madhara kidogo. Mpira ukipata moto unatanuka, chembe zinaachana, ukinzani unapanda. Joto la mwili kupitia godoro huja polepole, na wastani wa polepole unalimeza pia.

Kile kipande kilichobaki kwenye hatua ya 4, kiweke kabatini. Kila baada ya miezi mitatu pima kitanda kitupu na pima kipande hicho kati ya sarafu. Vikiachana sana, mpira wa kitandani umechoka. Cha Bibi sasa ni cha tatu. Cha kwanza kilikufa pale waya unapoingia kwenye foili, nyuzi zilikatika moja moja kwa kukunjwa kila godoro lilipogeuzwa, mpira wenyewe ukiwa mzima. Cha pili nilifunga waya kwenye chaga kwa kamba ya katani, sentimita kumi kabla ya kihisi, nikauacha ulegee. Hicho kiliishi hadi paka alipozalia uvunguni na kuamua kwamba waya ni mchezo wa watoto wake. Cha tatu waya wake unapita ndani ya bomba la plastiki la umeme.

Bibi mwenyewe alishazoea. Tatizo lililobaki ni kwamba mama mdogo akimfikia mlangoni, Bibi anamwambia arudi akalale, na hilo halina rezista.